Makopo Mawili Nyuma ya Pazia

Fundi alisalimia kola kwanza, mtu baadaye. Ukifika asubuhi kwenye banda letu la washonaji hapa Yoba, mjini Gitega, alinyoosha mkono ukadhani anakupa, kumbe unaupita mkono wako na kwenda moja kwa moja shingoni. Aliigeuza kola, akaangalia mshono wa ndani, akairudisha mahali pake. Ndipo aliposema "Bon", yaani "vyema" kwa Kifaransa, kisha "Umeamka?" Kama mshono ulikuwa mbaya hakusema kitu, ila siku nzima alikutazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyefiwa ambaye bado hajapewa habari.

Nilimjua kwa miaka tisa, tangu mama yangu alipopata nafasi ya kuweka cherehani yake bandani. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la chama, na mimi mwenyewe nililiandika mara nyingi nilipokuwa katibu, lakini sikumbuki kusikia mtu akiliita. Sote tulikuwa mafundi. Hata hivyo, ukisema "Fundi" na kunyamaza, kila mtu alijua unamtaka nani.

Nataka kumweleza vizuri, na sababu yangu si nzuri sana. Miaka miwili iliyopita nilipiga kura ya kumtoa kwenye uenyekiti wa chama, akashindwa kwa kura moja. Hakuna niliyemwambia, hata mama. Kesho yake asubuhi Fundi aliigeuza kola yangu kama siku zote, nami nikasimama pale nikihisi shingo inawaka. Sasa wenzangu wanataka nigombee kiti hicho hicho, na uchaguzi ni Jumamosi ijayo. Nilijiambia kwamba siwezi kusimama kabla sijamwambia ukweli. Kisha nikajiambia kwamba labda kumwambia ni njia ya kujipunguzia mzigo kwa kumtwika mzee. Nilibishana hivyo na nafsi yangu mwezi mzima, na matokeo yakawa sare.

Alinibandika jina la Lisansi, kwa sababu ya ile shahada ya sheria niliyotoka nayo chuoni na kuiweka kwenye bahasha juu ya kabati, huku nikishona pindo na vifungo nikisubiri kazi. Alikitania pia Kiswahili changu. Mama na mimi tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na maneno yetu yalibaki ya kule. "Kiswahili yako iko na tai," aliniambia. "Kila siku iko inaenda harusi."

Bandani kila jambo lilipigiwa kura, na kura yetu ilikuwa kifungo cha koti. Mwanzoni Fundi alijaribu vifungo vya shati, lakini vilipotelea kwenye nyufa za sakafu, na wanasimulia kwamba hoja ya kubadili mabati iliwahi kushindwa huku kura mbili zikiwa zimelala chini ya meza. Kwa hiyo kifungo cha koti, kinene, cheusi, kinachofanana na cha mwenzako. Unakipokea, unaingia nyuma ya pazia la chumba cha kupimia nguo. Humo kulikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga, la ndiyo na la hapana, kila moja limefunikwa kitambaa chenye mpasuko. Ndani, chini kabisa, Fundi alilaza duara la flana. Aliliweka baada ya kugundua kwamba mshonaji mmoja wa kanzu alipenda kukaa karibu na pazia ili asikilize kifungo kinalia upande gani. Mwenyekiti mwingine angemfukuza. Fundi alimshukuru mbele ya watu kwa kutuonyesha kasoro, kisha akachukua mkasi akakata flana.

Kulikuwa na sheria nyingine mbili, zote zake, na zote zilipitishwa kwa vifungo. Ya kwanza: anayetaka ndiyo anahesabu kopo la hapana, na anayetaka hapana anahesabu la ndiyo. Alisema mtu akihesabu kopo lake mwenyewe, vidole vinakuwa na mapenzi. Ya pili ndiyo iliyowashangaza wageni: walioshindwa ndio wanaoanza kusema kwenye mkutano unaofuata. Nilimuuliza kwa nini. Alisema aliyeshindwa alikuwa na wiki nzima ya kufikiri, na aliyeshinda alikuwa analala.

Mama alipofika, alipewa ufagio. Hakuna aliyemwelekeza, mtu alimwekea tu mkononi, kwa kuwa wanawake ndio waliofagia banda. Mama alikulia kwenye foleni na orodha za kambini, mahali ambapo zamu ni zamu. Mkutano wake wa pili akainuka na kuomba kufagia kuwe kwa zamu, wanaume kwa wanawake. Wanaume walicheka kwa upole, kama watu wanaojua hesabu. Tulikuwa ishirini wakati huo, wanawake tisa. Vifungo vilipotolewa, kopo la ndiyo lilikuwa na kumi na vinne.

Wiki nzima wanaume walitazamana kwa mashaka, kila mmoja akiwatafuta wasaliti watano. Hawajawapata hadi leo. Nimeifikiria kura hiyo kuliko somo lolote la chuo. Mchana kweupe hakukuwa na mwanamume hata mmoja wa kutetea zamu ya ufagio. Nyuma ya pazia, watano walikuwa watu wema kuliko walivyokuwa tayari kuonekana. Fundi mwenyewe alifagia vibaya sana. Alisukuma vumbi hadi mlangoni pa jirani muuza viatu na kuliacha pale kama mgeni asiyetaka kuingia, hadi mama alipomshika mkono na kumfundisha.

Msidhani alikuwa mtu mpole wa kukubali kila kitu. Kwenye kazi alikuwa mfalme, na mfalme mkali. Mteja mmoja, afisa mwenye gari, alitaka kola ndefu zenye ncha kama masikio ya mbuzi. Fundi alimrudishia kitambaa chake kikiwa kimekunjwa vizuri. Afisa alipoondoka nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyesema kila jambo lipigiwe kura.

"Kola haiko jambo," akasema. "Kola iko kola."

Nyumbani kwake nako utawala ulikuwa wa namna nyingine. Mkewe, Bi Mkubwa, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumwona akigombana. Fundi alieleza kwamba kwao kuna kura mbili, na Bi Mkubwa anazo zote. Fundi alipopaka ukuta rangi ya kijani asiyoipenda, alipoacha sukari kwenye chai, alipouza baiskeli, tulijua uchaguzi umefanyika.

Halafu kuna habari ya Zuhura. Zuhura ni kiziwi tangu utotoni, na hakuna anayeshona mfuko wa suruali kama yeye Gitega nzima. Alipoomba kujiunga na chama, wengi walikataa. Hawakuwa watu wabaya. Walisema hatasikia mikutano, na kura ya mtu asiyesikia ni kifungo tu. Fundi, aliyemtaka, alishindwa vibaya, na akahesabu kopo lililomshinda kwa sauti, hadi kifungo cha mwisho.

Lakini walioshindwa ndio wanaoanza. Jumamosi iliyofuata akasimama wa kwanza, akatoa mfuko wa suruali alioushona Zuhura, akaupitisha mkono kwa mkono bila kusema neno, akaketi. Akashindwa. Jumamosi ya tatu aliniomba niandike yanayosemwa ubaoni, kwa chaki, wakati mkutano unaendelea, aone kama inawezekana. Niliandika. Katikati ya mkutano mshonaji wa kanzu akasoma ubao na kuuliza kwa mshangao tangu lini tumekubaliana kufunga Ijumaa mchana. Tangu miezi miwili, tukamwambia. Ndipo tulipogundua kwamba nusu ya wanaosikia hawakuwa wanasikiliza. Siku hiyo Fundi alishindwa tena, lakini kwa vifungo vichache. Jumamosi ya nane Zuhura aliingia.

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia Fundi kwamba jambo la haki halipaswi kusubiri wiki nane, na kwamba yeye kama mwenyekiti angeweza kumwingiza siku ya kwanza. Nilikuwa na hoja nne, nimezipanga. Alinisikiliza zote, akiwa na pini midomoni.

"Ningemuingiza mi mwenyewe, angekuwa mutu ya Fundi," akasema alipozitoa. "Siku Fundi haiko, naye haiko. Sasa iko mutu ya banda."

Bado sijui kama alikuwa sahihi. Wiki nane ni nyingi kwa mtu anayesubiri nje. Lakini nilimwona Zuhura siku ya kwanza, na niliona mshonaji wa kanzu, aliyempinga waziwazi mikutano saba, akimfutia vumbi kiti.

Na ni Zuhura aliyenionyesha nisichokiona. Mtu asiyesikia anasoma nyuso, na anazisoma zote. Siku moja baada ya mkutano alinivuta kando, akagusa macho yake, akaonyesha kiti cha Fundi, akazungusha kidole usoni mwake, kisha akafanya kama anadondosha kifungo. Sikuelewa. Akarudia. Jumamosi iliyofuata nikaangalia, na nikaona. Kabla ya kuinuka kwenda nyuma ya pazia, kila mtu alimtupia Fundi jicho. Akikunja uso, kura zilikunja uso. Akitabasamu, jambo limepita. Yeye hakufanya kwa makusudi. Nadhani hakujua kabisa. Tulikuwa tumempenda kiasi kwamba tuliacha kufikiri. Nilitazama nyuma kwenye daftari: kwa mwaka mzima Fundi hakuwa ameshindwa hata mara moja.

Uchaguzi ulipofika, Consolata alijitokeza kugombea naye. Consolata anatoka Bukirasazi, alijifunza ushonaji kwa Fundi mwenyewe, ana kicheko kinachotangulia mwili wake mlangoni. Wote tulijua Fundi atashinda. Nadhani hata Consolata alijua. Alisema amegombea ili mzee asichoke kwa kukosa mazoezi.

Niliingia nyuma ya pazia wa mwisho. Mimi huwa wa mwisho. Nikiwekewa sahani mbili chakula hupoa kabla sijachagua. Nilisimama na kifungo kwenye kiganja nikiangalia makopo. Niliwaza zile asubuhi za kola. Niliwaza mama na ufagio, Zuhura na mfuko. Vyote nilivyovipenda bandani vilitoka kwa mtu huyu, na vyote vilianza kufa kwa sababu tunamwangalia usoni. Nikajiuliza mimi ni nani hata nimtoe. Nikawaza kwamba hilo ndilo swali ambalo pazia linakukataza kuuliza. Nje mama alikohoa. Consolata akasema labda nimeanza kupimwa gauni, na watu wakacheka. Jasho lilinitoka hadi kwenye vidole. Nikakidondosha kwenye kopo la Consolata, na flana ikakipokea bila sauti.

Kwa sheria yetu, Fundi alihesabu kopo la Consolata. Alitia mkono akatoa kifungo cha kwanza, na hicho alikaa nacho kidogo kwenye vidole. Nilidhani ni macho yake, maana yalikuwa yameanza kumsumbua. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile, hadi kumi na mbili. Consolata alihesabu la Fundi akafika kumi na moja, akatazama ndani ya kopo, akaligeuza, akalipiga mgongo. Fundi akasimama. Akanyoosha mkono kumpongeza, mkono ukaupita mkono wa Consolata ukaenda kwenye kola yake, akaigeuza, akairudisha.

"Bon," akasema. "Mwenyekiti iko na kola nzuri."

Jumamosi iliyofuata, kwa sheria yake mwenyewe, ilibidi aanze kusema. Wengine waliogopa atalia. Mimi niliogopa kila kitu. Alisimama, akavaa miwani, akatoa karatasi, akatangaza kwamba ana malalamiko matatu. La kwanza, mkutano umechelewa kuanza. La pili, ufagio uko mahali pasipo pake. La tatu, mwenyekiti mpya ameongoza wiki nzima na hakuna hata mtu mmoja aliyempinga, jambo ambalo ni aibu kwa banda, kwa hiyo yeye atampinga kuanzia sasa hadi mwenzake atakapopatikana. Consolata alicheka hadi akaketi. Na kweli alimpinga, juu ya taa, juu ya saa za kufunga, juu ya uzi wa rangi ya maziwa. Siku nyingine alishinda, nyingi alishindwa. Hakuna tena aliyekuwa na uso wa kuangalia, na watu wakaanza kugombana kwa raha. Zuhura alijitwalia chaki na kuandika maoni yake ubaoni kwa herufi kubwa, hata wakati ambapo si zamu yake. Mwaka ule banda lilikuwa na kelele kuliko soko, na nilikuwa nikitembea kwenda kazini haraka nisikose kitu.

Kisha uchaguzi ulifanyika nyumbani kwao, na Bi Mkubwa akataka kurudi Muyinga karibu na binti yao. Waliondoka na cherehani imefungwa kwenye godoro.

Wiki iliyopita nilipanda gari kwenda Muyinga. Njia nzima kupitia Karuzi nilirudia sentensi yangu ya kwanza, na nilipofika nilikuwa nayo katika namna sita. Nyumba yao iko mtaa wa Waislamu, na sikuhitaji kuuliza mara mbili, kwa sababu niliposema "Fundi" muuza mafuta alinionyesha kwa kidevu. Alikuwa barazani, mbele ya cherehani, mwembamba zaidi, na miwani minene zaidi. Mkono ukaja, ukapita wangu, ukaenda shingoni.

"Lisansi," akasema. "Umeamka?"

Aliniambia habari zake kwa furaha ya mtoto aliyeshinda shindano. Ameingia kwenye kamati ya bomba la maji la mtaa, na tayari ameshindwa mara mbili. Mara ya kwanza juu ya saa za kufungua, mara ya pili juu ya nani ashike ufunguo. Amewashawishi wakubali ile sheria ya walioshindwa kuanza, na kwa kuwa hakuna anayeshindwa kama yeye, anaanza kila mkutano. Bi Mkubwa alituletea ndizi, maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba wanakamati wamemwomba amfungie nyumbani.

Nilisubiri hadi aliporudi ndani. Nikashika sentensi ya kwanza iliyonijia.

"Fundi, siku ile ya uchaguzi, mimi..."

Aliinua kidole kilichovikwa kastabini ya kuzuia sindano.

"Lisansi. Pazia ni ya nini?"

"Ni la kuficha kura, Fundi."

"Kuficha kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Na mi niko nani? Siko ndani ya kila mutu?" Alishusha kidole. "Ile pazia nilishona mi mwenyewe. Usinifungulie."

Nilihisi nimebaki na kitu mkononi ambacho hakuna anayekipokea. Yeye akarudi kwenye kazi, shati la shule la mjukuu, akakanyaga cherehani kidogo, akasimama, akakanyaga tena. Alipoanza kusema hakuniangalia.

Alisema kushindwa kule kulimuuma. Nisifikiri kwamba hakuumia. Siku tatu alikata vitambaa vibaya, na Bi Mkubwa alimkuta akihesabu vifungo vya koti lake mwenyewe. Alijiuliza amewakosea nini. Alitaka kumchukia mtu, lakini hakujua amchukie nani, na hapo akaona kwamba pazia lilikuwa linafanya kazi yake hata juu yake.

"Lakini kintu kimoja kilinisaidia," akasema. "Mi ndiyo nilihesabu kopo ya Consolata, unakumbuka? Vifungo kumi na moja ilikuwa baridi. Ile moja ya juu ilikuwa na moto. Na maji maji kidogo. Mutu aliishika, aliishika, mpaka ikapata moto." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Huyo mutu simjui. Sitaki kumjua. Lakini nikasema, huyu hakunitupa. Alisimama mule ndani akanipima, kama vile mutu anapima suti ya harusi. Ningeshindwa na zile baridi peke yake, ningekuwa naumia mpaka leo."

Nilitazama sahani. Ndizi zilikuwa zimeanza kutembea mbele ya macho yangu.

"Bon," akasema. "Ulitaka kuniambia nini?"

"Nimesahau, Fundi."

"Vizuri. Kula, chakula inapoa."

Nilikula yote, na nikaongezewa. Jioni alinisindikiza hadi kwenye gari, mikono nyuma, akisalimia kola za watu njiani. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu uchaguzi wa Jumamosi, lakini Consolata ana simu na ulimi. Kabla sijapanda alinisimamisha, akaigeuza kola yangu mara ya pili siku hiyo, akapata uzi uliofumuka, akaung'oa kwa kucha na kuutazama kwa huruma ile ile ya zamani.

"Jumamosi usivae hii," akasema. "Ukishinda, watakuangalia. Ukishindwa, utaanza kusema. Yote mbili inataka kola nzuri."